Kuhesabu Kabla ya Matokeo

Wanafunzi wawili wa kidato cha sita wanayatazama matokeo yao mwezi wa Julai. Wa kwanza kapata E tatu. Wa pili kapata D mbili na F moja. Kwa hesabu ya Baraza la Mitihani la Tanzania, ambako A ni pointi 1, D ni 4, E ni 5 na F ni 7, wote wawili wana pointi 15 na wote wamo daraja la tatu. Jirani akiulizwa nani kafanya vyema, atamtaja yule wa E tatu, maana angalau hakufeli somo lolote. Lakini Tume ya Vyuo Vikuu huhesabu kwa kurudi nyuma: A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na anayetaka kusoma shahada ya kwanza lazima awe na pointi 4 kutoka masomo mawili. Mwenye D mbili anazo nne zake, na ikiwa masomo hayo mawili ndiyo yanayotakiwa na kozi, anaweza kuomba. Mwenye E tatu, hata akizijumlisha zote, hafiki.

Mambo kama haya hayamo katika kitabu cha somo lolote. Mzazi aliyeuza karafuu ili mwanawe abaki skuli hana pa kuyasoma, na mtoto mwenyewe huyajua siku anapokataliwa na mtandao wa chuo. Anayetakiwa kuyajua mapema, tena mapema sana, ni mtu mmoja ambaye kazi yake haina vazi wala chombo cha kumtambulisha: mwalimu wa ushauri nasaha, yule anayewasaidia vijana wa sekondari kupanga masomo ya mbele na kazi za baadaye.

Kisiwani Pemba mwalimu huyo mara nyingi ni wa Jiografia au wa Baiolojia kwanza, na mshauri baadaye. Ushauri umeongezwa juu ya vipindi vyake, madaftari ya kusahihisha na zamu ya wiki. Ofisi yake ni kivuli cha mwembe wa skuli, au dakika kumi baada ya kengele ya mwisho kabla watoto hawajakwenda chuoni kusoma Kurani. Hata hivyo, akiwa hodari, kazi anayoifanya ni ufundi kamili, wenye kanuni zake na wenye makosa ambayo fundi mzuri hayafanyi.

Kosa la kwanza ni kuuliza, "Ukiwa mkubwa unataka kuwa nani?" Swali hilo limeulizwa sana hata majibu yake yamechakaa: daktari, rubani, mwanasheria, mwalimu. Mtoto hujibu kwa adabu, anataja kazi inayomfurahisha muulizaji, kisha kila mtu anarudi kwenye shughuli zake. Mshauri anayeijua kazi yake huuliza maswali madogo zaidi. Somo gani hukulifungua tangu likizo? Lipi unalisoma hata kama hakuna mtihani? Nyumbani ukitumwa hesabu za biashara unazifanya, au unamwachia dada yako? Majibu ya maswali hayo hayana fahari yoyote, lakini ndani yake mna kitu cha kushika.

Mwaka 1908, katika mji wa Boston nchini Marekani, Frank Parsons alifungua ofisi ya kuwashauri vijana kuhusu kazi, wengi wao watoto wa wahamiaji wa mtaa wa North End. Alifariki mwaka huo huo, na kitabu chake, Choosing a Vocation, kikachapishwa mwaka uliofuata. Fundisho lake ni jepesi kulieleza na zito kulitenda: kijana ajijue mwenyewe, azijue kazi zilivyo, kisha afikiri kwa makini namna mambo hayo mawili yanavyokutana. Zaidi ya karne imepita na vitabu vya fani hii duniani bado vinaanza na Parsons. Ila Pemba kuna jambo la nne ambalo yeye hakulihitaji, nalo ni kujua nani ana mamlaka juu ya karatasi gani.

Skuli za kisiwani ziko chini ya Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali ya Zanzibar. Mtihani wa kidato cha pili ni wa Baraza la Mitihani la Zanzibar. Mtihani wa kidato cha nne na wa cha sita ni wa Baraza la Mitihani la Tanzania, chombo kilichomo kwenye orodha ya mambo ya Muungano, kama ilivyo elimu ya juu yenyewe. Vyuo vikuu vinasimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu. Vyuo vya kati vina baraza lao jingine. Mkopo una bodi mbili: ya Tanzania, iliyoanza kazi mwaka 2005, na ya Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Kijana wa Tanga anayeomba mkopo wa bodi ya Tanzania huhakikiwa cheti chake cha kuzaliwa na RITA, wakala wa usajili wa Tanzania Bara. Mwenzake wa Wete, ng'ambo ya mkondo wa bahari, anahakikiwa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar. Nchi moja, mtihani mmoja, chuo pengine kimoja, na njia mbili za karatasi.

Na hapo ndipo majina yanapoleta balaa. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Ali, fomu ya mtihani ikajazwa Ally, kitambulisho kikasoma Aly. Babu aitwaye Khamis akawa Hamisi kwa sababu karani wa siku ile alisikia hivyo. Mshauri mwerevu hukagua majina mwanafunzi anaposajiliwa kwa mtihani wa kidato cha nne, maana baada ya hapo jina hilo litamfuata mpaka kwenye shahada, na kulirekebisha ni safari za ofisini na hati za kiapo. Hakuna anayemsifu mtu kwa kukagua herufi. Lakini wapo vijana ambao mkopo wao ulikaa miezi kwa sababu ya herufi moja.

Zamani mambo haya hayakuwepo, na si kwa sababu maisha yalikuwa mepesi. Seif Sharif Hamad alizaliwa Mtambwe mwaka 1943, akasoma Wete, akavuka kwenda Unguja katika skuli ya King George VI, na akamaliza kidato cha sita mwaka 1963. Chuo kikuu kilikuwa hatua iliyofuata. Mapinduzi ya Januari 1964 yakaja, watumishi wa kikoloni wakaondoka, na serikali mpya ikawahitaji vijana wachache waliosoma wazibe nafasi. Akawekwa kufundisha. Ilipita miaka hadi 1972 ndipo alipoingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akahitimu 1975, na miaka miwili baadaye akawa Waziri wa Elimu wa Zanzibar. Jina la Maalim, ambalo watu wa Pemba walimwita mpaka alipofariki Februari 2021, linatokana na ile miaka ya darasani ambayo hakuichagua.

Kwa kizazi kile, kupanga mustakabali wa kijana lilikuwa jambo la serikali. Tarehe 23 Septemba 1964 elimu ilitangazwa kuwa bila malipo, skuli zikaongezeka, na waliofika juu walikuwa wachache kiasi kwamba kila mmoja alikuwa na kiti kinachomngoja. Leo viti haviwangoji. Sensa ya 2022 iliwahesabu watu zaidi ya 543,000 katika mikoa miwili ya Pemba, na wanaomaliza sekondari kila mwaka ni wengi kuliko ambavyo ofisi yoyote ingeweza kuwapangia. Kijana anachagua mwenyewe. Hakuna ubaya katika hilo, mradi awepo mtu wa kumwonesha kinachochagulika.

Tuchukue tahasusi, yaani yale masomo matatu ya kidato cha tano ambayo wanafunzi huyaita kombi. Kwa miaka mingi walimu walizikariri zote: PCM, PCB, CBG, EGM, HGL, HKL na nyingine, jumla 16. Mwaka 2024 zikaongezwa 49 na kufika 65, zikiwemo za lugha, biashara, michezo, sanaa na elimu ya dini. Uhuru umeongezeka, na kazi ya mshauri imeongezeka kuliko uhuru. Maana kila tahasusi inafungua kozi fulani na kuzifunga nyingine, na kufunga huko hakutangazwi. Mwanafunzi anayependa Baiolojia na kuiogopa Fizikia hukimbilia CBG, akaona Kemia na Baiolojia zipo, akajiambia kuwa udaktari bado upo. Haupo. Udaktari wa binadamu unataka zote tatu za PCB: Fizikia, Kemia na Baiolojia. CBG inaweza kumpeleka kwenye mazingira, kilimo, misitu au ualimu wa sayansi, kazi nzuri kabisa kwa kisiwa kinachoishi kwa miti na bahari, lakini ni vizuri azichague akiwa anaziona, si azikute baada ya ndoto kuvunjika.

Mshauri asiyejua hili husema, "Chagua unachokipenda." Mshauri anayejua huchukua kipande cha karatasi na kuchora mistari: hii inakwenda huku, ile inaishia hapa.

Pana fitina nyingine ndogo katika zile hesabu za pointi tulizoanza nazo. Waliomaliza kidato cha sita mwaka 2014 na 2015 walipimwa kwa viwango tofauti, vyenye B+ katikati, na Tume ya Vyuo Vikuu inawahesabia pointi kwa mizani yao wenyewe: C yao ni pointi 2, si 3. Mama wa watoto wawili anayeishi Konde, aliyemaliza 2015 na sasa anataka kurudi kusoma, akihesabiwa kwa mizani ya leo atapewa matumaini yasiyo yake. Fundi wa kazi hii huuliza mwaka kabla ya kuuliza alama.

Kisha ipo bahari. Pemba si jangwa la elimu ya juu: Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kina kampasi ya Benjamin Mkapa huko Mchanga Mdogo, na Chuo Kikuu Huria kina kituo chake kisiwani. Lakini kozi nyingi ziko ng'ambo. Tunguu, Chukwani, Mbweni, Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma: kote huko kunaanzia bandarini Mkoani, au kwenye uwanja wa ndege wa Chake Chake kwa mwenye uwezo. Nauli ni jambo moja. Jambo jingine ni nani atampokea, atalala wapi wiki ya kwanza, na kama ni msichana, nani wa ukoo yuko karibu. Maswali haya hayaulizwi kwenye fomu ya chuo, ila yanaulizwa ukumbini baada ya sala ya Isha, na yakikosa majibu, barua ya kukubaliwa hubaki ndani ya bahasha.

Ndiyo maana mshauri mzuri wa Pemba hazungumzi na mwanafunzi peke yake. Anakwenda nyumbani. Anaanza kwa salamu ndefu, anauliza hali ya bibi, anasikiliza kwanza habari za karafuu na bei ya mwaka huu, halafu ndipo anafika kwenye chuo. Kwa mtu wa mjini mwenye haraka hiyo ni kupoteza muda. Kwa kweli ndiyo sehemu kubwa ya kazi. Familia ambayo imeshirikishwa tangu kidato cha tatu haiwi ukuta ifikapo Oktoba ya safari. Ami aliyeulizwa rai yake mapema ndiye huyo huyo anayempigia simu jamaa wa Kwa Mchina, Unguja, ili mtoto apate pa kufikia.

Na familia zina jambo la kweli la kusema. Vijana wengi wa kisiwani wanazijua kazi wanazoziona tu: mwalimu, muuguzi, askari, mfanyabiashara, mvuvi. Mzazi anapotaka mtoto awe mwalimu, si kwamba hana upeo. Ameona kwa macho yake mshahara wa mwalimu ukijenga nyumba. Hoja dhidi ya hilo haiwezi kuwa maneno. Lazima iwe kitu kingine kinachoonekana.

Kwa bahati, kinaonekana. Kijiji cha Wawi, nje kidogo ya Chake Chake, pengine ndicho darasa bora la kazi katika kisiwa kizima, na inashangaza kwamba kila skuli ya Pemba haipeleki watoto hapo kila mwaka. Pale ipo Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000 na kupewa jina la mtaalamu wa vimelea kutoka Italia. Utafiti wa kichocho na minyoo uliofanywa humo umesomwa na wanasayansi duniani kote, na umefanywa na watu wanaokula mihogo na dagaa kama jirani zao. Mwanafunzi wa PCB akimwona kijana wa Pemba ameinama juu ya hadubini, akihesabu mayai ya minyoo kwa uangalifu wa sonara, hapo ndipo anapoelewa kwamba baina ya daktari na muuguzi kuna kazi nyingi hajapata kuzisikia: fundi sanifu wa maabara, mtaalamu wa takwimu za afya, mtafiti wa konokono wanaobeba kichocho. Hapo pia mwalimu anaweza kumtaja Ali Mohamed Shein, mzaliwa wa Chokocho mwaka 1948, ambaye kabla ya kuwa Makamu wa Rais wa Muungano na kisha Rais wa Zanzibar alikuwa mtu wa maabara, mwenye shahada ya uzamivu ya mwaka 1988 kutoka Chuo Kikuu cha Newcastle katika biokemia ya tiba.

Wawi hiyo hiyo ina kiwanda cha makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, kinachokamua mafuta ya karafuu kwa mvuke. Harufu yake mtoto anaijua tangu utotoni. Asilolijua ni kwamba kitendo kile ni ukurasa wa Kemia, na kwamba kitu kinachotafutwa ndani ya mafuta yale, eujenoli, hutumika katika tiba ya meno na viwanda vya manukato nchi za mbali. Mhandisi wa michakato, mkemia wa viwango, mtu wa masoko ya nje: kazi zote hizo zinaanzia kwenye gunia la makonyo ambalo nyumbani hurushwa pembeni.

Bahari nayo ina orodha yake. Wanawake wa Pemba wanalima mwani, vijana wanavua, na serikali inazungumzia uchumi wa buluu kila siku. Lakini mtoto wa nahodha anayejua upepo kwa kuunusa anaweza asijue kuwa Dar es Salaam kuna Chuo cha Bahari kinachotoa vyeti vya unahodha na uhandisi wa meli, au kwamba Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko Unguja, si ughaibuni. Mshauri akimwambia hayo hamtoi baharini. Anamwonesha kwamba bahari ile ile ina ngazi za juu.

Walioshindwa kidato cha nne wanastahili nafasi yao hapa, kwa sababu ndio wanaopima kama ufundi huu ni wa kweli au ni wa kuwapamba waliokwisha kufaulu. Kijana aliyepata D nne na kuzomewa na matokeo yake mwezi wa Januari anadhani mambo yamekwisha. Kumbe nyumba ya elimu ina mlango wa uani. Kwa D nne anaweza kuomba astashahada katika chuo cha kati, kisha stashahada, na akimaliza stashahada kwa wastani wa 3.0 anaweza kuomba shahada kama aliyepita kidato cha sita. Safari inaweza kuwa ndefu kidogo, lakini anafika akiwa na cheti cha kazi mkononi tayari. Sharti moja huwaumiza wengi: zile D nne hazihesabiwi kwa masomo ya dini. Kijana aliyefaulu masomo matatu pamoja na Elimu ya Dini ya Kiislamu anadhani anazo nne, kumbe anazo tatu. Mshauri aliyemwambia mapema arudie somo moja tu amemwokolea mwaka mzima.

Na wapo ambao mahali pao si chuo kikuu hata kidogo. Vituo vya mafunzo ya amali vya Vitongoji na Daya Mtambwe vinafundisha mikono: umeme, useremala, ushoni na ufundi mwingine. Hapa mshauri anapambana na dharau, ya wazazi na wakati mwingine ya walimu wenzake, wanaovitaja vituo hivyo kama pa kutupia walioshindwa. Anayepeleka huko mwanafunzi mwenye akili ya vitu, aliyekuwa akitengeneza redio za mtaa mzima huku akipata F ya Historia, amefanya kazi yake vizuri kuliko aliyemsukuma akariri tarehe.

Ama wanaotaka chuo kikuu, tangu mwaka 2017 wanaomba vyuo moja kwa moja, baada ya mfumo wa pamoja ulioanza 2010 kuondolewa. Anayekubaliwa na vyuo zaidi ya kimoja lazima athibitishe kimoja kwa namba maalumu inayotumwa kwenye simu, ndani ya siku chache. Wapo waliokubaliwa na vyuo vitatu na wakakosa vyote kwa sababu simu iliyosajiliwa ilikuwa ya kaka, na kaka yuko Oman. Siku hizo mshauri huwa mkali kuliko wakati mwingine wowote. Anapiga simu, anatuma watoto wa jirani, anamfuata mtu shambani.

Lakini mwenye uzoefu atakuambia kwamba kufikia hapo mengi yamekwisha kuamuliwa. Uamuzi mkubwa huwa kidato cha tatu, wakati mtoto wa miaka kumi na sita hivi anaposhauriana na rafiki yake kuacha Fizikia na Kemia kwa sababu mwalimu wa Fizikia ni mkali. Akiziacha, PCB, PCM na hata CBG zimekwenda, na hajui. Mtihani wa kidato cha pili, unaotangulia uchaguzi huo, nao huja katika miezi ya mwisho wa mwaka, ambayo mara nyingi ndiyo ya karafuu, wakati mzazi yuko juu ya mkarafuu tangu alfajiri na fomu ya masomo inasubiri saini. Kwa hiyo mwalimu wa ushauri anazichukua zile fomu, anapanda baiskeli au anadandia gari ya shamba, anamkuta mzee akimwaga karafuu kwenye jamvi, na kabla hajampa kalamu anamweleza Fizikia ni nini na itamfaa nini binti yake.